Kuficha ugonjwa si kujilinda



Leo tunasema jambo ambalo wengi huku Katwe, Nsambya na Kabalagala wanalijua lakini wananyamaza: mtu akipata ugonjwa wa kuambukiza, familia inaficha. Mlango unafungwa, dawa zinanunuliwa famasi bila kipimo, jirani anaambiwa "ni malaria tu."

Sababu tunaijua. Mwaka 2024 mpox ilipoingia Uganda, wakati imeshasambaa Kivu ya Kusini, kuna wenzetu walioambiwa kwenye taksi, "Nyinyi Wakongo ndio mmetuletea." Mtu anayeogopa kufukuzwa na mwenye nyumba hawezi kuonyesha vipele vyake.

Lakini virusi haviulizi karatasi. Tarehe 30 Januari 2025, Wizara ya Afya ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan hapa hapa Kampala. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Mulago, siyo mkimbizi. Alitafuta matibabu sehemu mbalimbali, hata kwa mganga wa kienyeji, na ugonjwa ulithibitishwa akiwa ameshafariki. Kama imempata mtu wa hospitali hivyo, sisi tunaomeza vidonge vya kubahatisha je? Waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, waliougua wakatibiwa na wengi wakapona. Tarehe 26 Aprili ikatangazwa kwamba umeisha. Waliopona ni wale waliojulikana mapema. Hilo ndilo somo.

Sasa, maisha yetu ya kila siku. Tunaambiwa mgonjwa akae chumba chake. Chumba gani, na sisi tuko watu saba kwenye muzigo mmoja? Basi tufanye kinachowezekana. Mgonjwa wa mpox awe na mkeka au godoro lake, shuka lake, taulo lake na kikombe chake. Vipele vifunikwe kwa nguo. Mtu mmoja tu amhudumie na kufua nguo zake kwa sabuni. Avumilie hivyo mpaka magamba yaanguke na ngozi mpya itoke, na hiyo huchukua wiki 2 mpaka 4.

Kwenye matanga pia tubadilike. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana. Kuomba, kuimba na kulia tutafanya, lakini kuosha na kuzika tuwaachie watu wa afya. Huko siyo kumtupa marehemu, ni kuwalinda watoto aliowaacha.

Kwenu watu wa mashirika: posta za Kiingereza na Kiluganda hazimfikii maman anayetembeza vitenge. Wengine hawasomi kabisa. Tumeni ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, Kilingala, Kinyamulenge. Na msiseme "nawa mikono" halafu muondoke. Maji tunanunua kwa jerikani, sabuni inashindana na unga. Wakati wa Korona kila duka lilikuwa na ndoo ya bomba mlangoni. Leo ziko wapi? Ndoo moja na sabuni kwenye kila kanisa na kila uwanja wa nyumba za kupanga vinasaidia kuliko semina tatu za hotelini.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Tuache kusambaza picha za wagonjwa kwenye magrupu. Jirani akiwa na homa na vipele, tumsindikize kituo cha afya cha serikali, tumtafsirie kama hajui lugha. Mkimbizi anatibiwa huko sawa na raia. Asiyeweza kutembea, tumpigie Wizara ya Afya bure: 0800 100 066.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye muzigo wa watu saba, hakimuumbui mmoja. Tusifiche, na tusimcheke aliyejitokeza.