Rangi ya mshumaa ina namba, iulizwe

Hisa ikipanda New York, bei yake huandikwa kwa kijani. Ikipanda Shanghai, huandikwa kwa nyekundu, kwa kuwa kwa Wachina nyekundu ni rangi ya heri, na kijani huachiwa bei inayoshuka. Mtu aliyezoea soko moja akifungua chati ya soko jingine bila kuuliza, ataona faida mahali penye hasara. Bei ni ileile. Kilichobadilika ni makubaliano ya watu kuhusu rangi.

Jambo hilo linawahusu sana vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokesha mbele ya chati za fedha za kigeni. Wengi wao hupakia indiketa, yaani programu ndogo inayopiga hesabu juu ya bei, ambayo hupaka rangi mishumaa, vile vijiti vinavyoonyesha mwendo wa bei kwenye chati, kisha hufuata kanuni moja: kijani nunua, nyekundu uza. Lakini rangi hiyo ni hukumu iliyokwisha kutolewa na hesabu ya mtu mwingine. Anayeweka fedha zake juu ya hukumu hiyo ana haki ya kujua imetokana na nini, na njia ya uhakika ya kujua ni kuandika programu fupi inayoisoma rangi, mshumaa kwa mshumaa, na kuilinganisha na bei iliyofuata.

Mfano mzuri ni Awesome Oscillator, indiketa ya Mmarekani Bill Williams, ambayo huja ndani ya MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hiyo. Hesabu yake haina siri. Huchukua bei ya katikati ya kila mshumaa, hutafuta wastani wa mishumaa 5 ya karibuni, kisha huondoa humo wastani wa mishumaa 34, na tofauti huchorwa kama nguzo. Nguzo ikiwa juu kuliko iliyoitangulia, hupakwa kijani. Ikiwa chini, nyekundu. Hakuna zaidi ya hapo. Soko linaweza kuwa limeporomoka, nguzo iko mbali chini ya sifuri, na bado ikawa ya kijani kwa sababu tu haikuzama sana kama iliyoitangulia. Anayeitafsiri rangi hiyo kuwa amri ya kununua ameiongezea maneno ambayo haikuyasema.

Katika MetaTrader 5, iliyotolewa mwaka 2010, programu haihitaji macho ili kuijua rangi. Indiketa huhifadhi matokeo yake katika safu za namba ziitwazo bafa. Ile inayopaka mishumaa hutumia bafa 4 kwa bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, na bafa ya tano kwa namba ya rangi. Kwa kuwa kuhesabu huanzia sifuri, bafa hiyo ya tano huitwa namba 4, na hapo ndipo wanaojifunza hukosea mara nyingi. Roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, huiita indiketa kwa iCustom, kisha huchota namba kwa CopyBuffer. Ikipata 0, hiyo ni rangi ya kwanza katika orodha. Ikipata 1, ni ya pili. Mwenye chati akibadili kijani kuwa buluu kwenye mipangilio, namba hubaki palepale. Namba haidanganywi na rangi iliyochaguliwa kwa kupendeza.

MetaTrader 4 haina bafa ya namba za rangi. Huko kila rangi kwa kawaida hupewa bafa yake, na mahali pasipo na rangi hiyo huwekwa alama ya utupu, mara nyingi 2147483647. Asiyejua hilo huandika roboti inayodhani namba hiyo kubwa ni bei halisi.

Kuna mtego mwingine, nao umewaumiza wengi. Mshumaa namba 0, kwa mpangilio unaoanza na wa karibuni zaidi, ni ule ambao bado unaundwa. Rangi yake inaweza kuwa kijani saa nne na dakika tano, nyekundu dakika kumi baadaye, na kijani tena kabla ya kufunga. Atazamaye chati jioni huona rangi ya mwisho tu, hudhani ndiyo iliyokuwapo tangu mwanzo, na indiketa huonekana haijawahi kukosea. Roboti inayosoma mshumaa namba 1, uliokwisha kufungwa, huona kile ambacho mfanyabiashara angeweza kukijua wakati ule. Na kwa kuwa zipo indiketa zinazorudi nyuma na kupaka upya hata mishumaa iliyofungwa, programu inayoandika rangi ya kila mshumaa kwenye faili ndiyo itakayoufichua ujanja huo.

Gharama ya alama iliyosomwa vibaya inajulikana. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliipa alama ya zamani katika mfumo wake maana mpya. Seva 1 kati ya 8 haikupata programu mpya, ikaisoma alama kwa maana ya zamani, na ikatuma maagizo mfululizo sokoni. Ndani ya dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Hao walikuwa wataalamu.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya hisa ya Ulaya ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya kubashiri tofauti ya bei hupoteza fedha. Kenya iliweka kanuni za madalali wa fedha za kigeni mtandaoni mwaka 2017, lakini leseni ya dalali haithibitishi ukweli wa indiketa aliyouziwa mteja.

Kwa hiyo mnunuzi ajilinde mwenyewe. Muuzaji anayetoa faili lililofungwa, lenye rangi zilizochorwa tu juu ya chati bila bafa inayosomeka, asilipwe. Walimu wa biashara hii nao wawafundishe wanafunzi kusoma bafa ya rangi kabla ya kuwafundisha kubonyeza kitufe cha kununua. Kazi yenyewe ni mistari michache ya programu, na akaunti ya majaribio hufunguliwa bure.