Jimbo ni Watu, si Milki

Neno "jimbo" limezoeleka mno vinywani mwa wananchi, hata ni wachache wanaojiuliza maana yake. Mkoani Tabora neno hilo lina maana zaidi ya moja. Muumini wa Kanisa Katoliki akitaja Jimbo Kuu la Tabora, anakusudia eneo la askofu mkuu. Mzee aliyeziona zama za Mwingereza akitaja Jimbo la Magharibi, anakumbuka eneo la utawala wa kikoloni lililokuwa na makao yake makuu Tabora na kuenea hadi Kigoma. Mpiga kura wa Igalula, Bukene au Sikonge akitaja jimbo lake, anakusudia eneo linalomchagua mbunge mmoja.

Maana hii ya mwisho ndiyo inayosimama mahali pa neno la Kiingereza "constituency". Lakini maneno hayo mawili hayakuanzia mahali pamoja. Neno la Kiingereza lina asili moja na lile ambalo kwa Kiswahili huitwa katiba, yaani kuunda na kuweka. Kiini chake, basi, si ardhi wala mipaka. Ni jumla ya watu wanaomweka mwakilishi wao. Neno jimbo limebeba kwanza wazo la nchi na mipaka, na katika utawala wa kikoloni jimbo lilikuwa na mkubwa wake aliyeteuliwa kutoka juu.

Tofauti hiyo si mchezo wa wanalugha. Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya kura tatu. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Haki ya kupiga kura yenyewe ilipimwa kwa kipato, elimu au wadhifa. Mipaka ilikuwapo, lakini wengi walioishi ndani yake hawakuhesabiwa miongoni mwa wachaguzi. Mkutano, chini ya uongozi wa Mwalimu Nyerere, ulikubali kushiriki ili mlango huo mwembamba upanuliwe. Ndio Uamuzi wa Busara. Ulipofika Uchaguzi Mkuu wa 1965, mkulima wa Unyamwezi asiye na cheti wala mshahara alichagua mbunge wake kati ya alama ya jembe na ya nyumba. Hapo ndipo jimbo lilipokuwa watu.

Hata hivyo, yako mazoea yanayolirudisha neno hili nyuma. Husikika watu wakisema "jimbo la mheshimiwa fulani", kana kwamba ni shamba lake. Mtu mwingine akikanyaga huko, huambiwa ameingilia jimbo la mwenzake. Lugha ya namna hiyo ni ya zama za misafara. Katika njia ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, msafara ulioingia nchi ya mtemi ulitoa hongo ili upite, kwa kuwa nchi ilihesabiwa kuwa yake. Utemi ulifutwa mwaka 1963, lakini neno hongo limebaki, nalo leo lina maana chafu zaidi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima katika uchaguzi. Anayedhani jimbo ni milki ataona si vibaya kulilipia. Anayejua kuwa jimbo ni watu atatambua kwamba watu hawanunuliwi.

Mipaka yenyewe haidumu. Kwa mujibu wa Ibara ya 75 ya Katiba ya 1977, Tume ya Uchaguzi huigawa nchi katika majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, na huichunguza migawanyo hiyo angalau kila baada ya miaka 10. Urambo Magharibi lilikuwa jimbo katika uchaguzi wa 2010. Ulipofika ule wa 2015, jina hilo halikuwamo tena. Wakulima wake wa tumbaku hawakutoweka pamoja na jina; walichagua kama kawaida, chini ya majina mengine.

Wajibu wa kulinda maana hii uko kwanza kwa walimu na watumishi wa umma. Mwalimu wa Uraia asiishie kuwakaririsha wanafunzi orodha ya majimbo na kuwaonyesha ramani. Awaeleze kwamba wazazi wao ndio jimbo. Ofisa anayeandika barua au taarifa aandike "mbunge wa jimbo", wala asiandike "jimbo la mbunge". Neno moja likigeuzwa mahali pake, mwenye mali hugeuka mali. Mbunge ni wa jimbo. Jimbo si la mbunge.