KASETI ISIYO NA MANENO

Juma hili nawaletea habari ya kaseti moja, na ya mzee wa nyumbani kwetu ambaye nusura nimpotezee mali yake.

Jumamosi jioni nilikwisha funga madaftari ya parokia, nikaketi barazani, nikatia kaseti katika redio kaseti yangu ya zamani. Ni muziki wa vinanda vitupu, hamna mwimbaji. Baba yangu mkubwa alikuwa karibu akichambua maharage. Akasikiliza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ataanza lini kuimba?"

"Haimbi, Baba mkubwa. Ndiyo kazi yake yenyewe."

Akacheka. "Basi ni kama mtu anayepiga hodi asiingie!"

Nikamwomba avumilie, nami nikamweleza habari za mpigaji. Jina lake ni Hailu Mergia, mwenyeji wa Ethiopia. Miaka ya 1970 alipiga kinanda katika bendi ya Walias mjini Addis Ababa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi hiyo ilikwenda Marekani, naye akabaki huko. Mwaka 1985 alinasa kaseti hii mjini Washington, peke yake, bila wenzake. Alichukua kodiani, chombo cha ujana wake, akaongeza vinanda vya umeme na mashine ya kupiga ngoma. Alipiga chombo kimoja, kisha kingine juu yake, hata mtu mmoja akasikika kama bendi nzima. Alizipiga nyimbo za zamani za kwao, lakini maneno aliyaacha.

Kaseti iliuzwa Ethiopia, kisha miaka ikapita. Hailu akawa dereva wa teksi huko Washington. Lakini katika buti la gari aliweka kinanda kidogo, na akingoja abiria uwanja wa ndege, alikitoa akapiga. Baadaye Mmarekani mmoja aliikuta kaseti ile mjini Bahir Dar, akamtafuta mwenyewe. Mwaka 2013 ikatolewa upya, na dereva yule akaitwa tena majukwaani.

Baba mkubwa hakusema neno. Upande wa kwanza ulipokwisha, akaniambia, "Geuza." Tukasikiliza upande wa pili mpaka mwisho, maharage yamesahauliwa. Ndipo akasema polepole, "Mimi nililiweka zeze langu nilipokosa sauti ya kuimba. Nilidhani zeze bila wimbo si kitu. Liko wapi?"

Loo, nikaona haya! Zeze lilikuwa darini juu ya jiko. Asubuhi ile ile watoto waliniomba kibuyu chake wachotee maji, nami bila kufikiri nikawajibu, "Chukueni." Nikaenda mbio. Kwa bahati njema hawakuwa wamelifikia.

Jumapili alasiri tukatafuta kaseti kuukuu. Wapo kati yenu wenye redio kaseti bado, basi shikeni haya. Kwanza, sikilizeni pande zote mbili, msije mkafuta sauti ya marehemu. Pili, kama vile vijimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti vimevunjwa, kitufe cha kunasa sauti hakitakubali kushuka; zibeni matundu yake kwa karatasi yenye gundi. Tatu, utepe ukilegea, ukazeni kwa penseli. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 30 kila upande. Mkimaliza, iwekeni mbali na jua, vumbi na sumaku.

Mzee alipiga. Vidole vimekakamaa, mara mbili akapotea njia, akaanza tena. Kuku naye alitia sauti yake. Hakuimba hata neno moja, lakini mama yangu, aliyekuwa jikoni, alitoka akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Wimbo ule aliujua tangu siku ya arusi yake.

Enyi wazazi na vijana, tazameni darini kwenu. Kama kuna zeze, marimba au filimbi, na mwenyewe yungali hai, msimngoje apate sauti. Mwambieni apige tu, nanyi mkae kimya.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wenu