Aliyetoa Kiti na Aliyetoa Nchi

Ndugu msomaji, ukifika Sumbawanga ukaketi na wazee jioni, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Ufipa humfanya kila mtu ausogelee moto, haitachukua muda mrefu kabla mmoja wao hajaitaja Milansi. Na Milansi ikishatajwa, ujue usingizi umekwisha. Watu wazima wenye wajukuu watabishana hadi jogoo la kwanza juu ya tabia ya mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona. Kwa nini alifanya vile? Alikuwa na nini moyoni? Mimi mwenyewe nimebishana katika mabishano hayo kwa zaidi ya miaka arobaini, na leo nataka kusema wazi kwamba upande niliokuwa nikiutetea ulikuwa wa uongo, na kwamba uongo ule ulimnyang'anya mtu shamba.

Kwa asiyeijua hadithi, nitaieleza kwa ufupi kama nilivyoipokea kwa babu yangu. Ntatakwa, mtu wa kwanza, alishuka kutoka mbinguni, na Milansi ikawa makao ya kwanza ya watu. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe: watakuja wageni, wasipewe kiti changu. Wakaja kweli, wanawake watatu wa Kitwachi kutoka mbali, mkubwa wao akiitwa Unwachi. Wakataka kiti. Mke akawapa. Bwana aliporudi alimkuta mgeni amekikalia. Basi akapanda pamoja na Unwachi kwenye mlima Itwelele, na huko juu nchi yote iliyoonekana ikawa ya wageni. Mwenyeji akabakiwa na Milansi na kipande kidogo cha kuizunguka. Kwa Watwachi hao ukatoka utawala uliokuja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile.

Hiyo ndiyo hadithi. Masimulizi yake ni mengi na hayafanani kwa kila kitu, lakini mifupa yake ni hiyo. Roy Willis, mtaalamu kutoka Uingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliikusanya kwa wazee na kuichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1981. Lakini kitabu ni cha wasomi. Sisi hadithi yetu tunayo motoni.

Sasa sikiliza inavyojadiliwa. Mmoja, akiwa ameshika mrija wake wa kimpumu, atasema yule mwanamke alihongwa shanga. Ukimwuliza shanga hizo zimetajwa wapi, atakuambia, "Mwanamke gani hatoi kitu kwa shanga?" Wa pili atasema hapana, alikuwa na kinyongo, kwa sababu mumewe alikuwa akimpenda mke mwingine. Wa tatu atasema alirogwa. Na haya husemwa katika mji ambao jina lake wenyewe tunalifasiri kuwa ni kutupa uchawi! Kila mtu humtungia yule mama utoto, ndoa, wivu na tamaa, na kila anayetunga hufika mahali pale pale: mwanamke ndiye aliyeipoteza nchi. Hukumu hutangulia, ushahidi hutafutwa baadaye.

Ungeweza kuniambia, "Mzee, hayo ni maongezi ya pombe, yanamdhuru nani?" Nami nitakujibu kwa jambo lililonipata.

Mwaka 1994 kaka yangu mkubwa alifariki. Aliacha mke, watoto wanne na shamba zuri chini ya milima ya Mbizi. Ukoo ulikutana mwezi Machi. Mimi wakati huo nilikuwa bwana shamba, mtu wa serikali, na kwa sababu hiyo neno langu lilikuwa na uzito kidogo. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuinua ntumba zake, yale matuta yetu ya mviringo ambayo tunafukia majani ndani yake ili yaoze, juu yakapandwa maharage. Mwenye kujua kilimo cha Ufipa anajua kwamba ntumba ni kazi ya msimu ujao: mvua zikirudi, tuta lile huvunjwa na kutandazwa, na hapo ndipo ulezi hupandwa. Mgongo unauma mwaka huu, chakula kinaliwa mwaka kesho.

Wazee walipokwama juu ya nani aachiwe shamba, mmoja wao alinigeukia akasema, "Hebu mwalimu wa wakulima, tukumbushe habari ya Milansi." Nikasimulia. Nilikuwa msimulizi hodari, na nasema hivyo kwa aibu. Niliweka shanga, niliweka kinyongo, niliiga na sauti ya mwanamke mwenye tamaa. Watu wakacheka. Nilipomaliza, mzee akasema, "Mmesikia. Kiti hakiachwi mikononi mwa mwanamke." Shamba likapewa mtoto wa baba mdogo, pamoja na ntumba zake zote.

Shemeji hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Shemeji, na yule bwana wakati huo alikuwa wapi?" Watu wakacheka tena. Mimi nikasema, "Alikuwa porini anawinda," kana kwamba hilo ndilo jibu. Mwezi uliofuata alihamia Laela kwa ndugu zake pamoja na watoto, akaanza kulima mashamba ya kukodi.

Swali lile sikulielewa siku ile. Nimelielewa pole pole, na kadiri nilivyolielewa ndivyo nilivyoona jinsi tulivyoipotosha hadithi yetu wenyewe. Tuipime basi kwa maneno yake, bila shanga za mtu yeyote.

Kwanza, bwana aliondoka. Alijua wageni wanakuja, maana yeye ndiye aliyeonya. Mtu anayejua kwamba siku ya hatari inakaribia, akachukua mkuki na kwenda kuwinda, akamwachia mkewe katazo bila askari wala mamlaka, huyo ndiye mlinzi wa nchi? Tumemhukumu aliyebaki nyumbani na kumsamehe aliyeondoka.

Pili, mke alifanya nini? Alimpa mgeni kiti. Ndugu zangu Wafipa, ni nyumba gani kwetu ambamo mgeni aliyetoka mbali huachwa amesimama uani? Mtoto wa kike hafikishi miaka saba kabla ya kufundishwa kwamba mgeni akiingia, kiti kwanza, maneno baadaye. Tunawalea binti zetu katika adabu hiyo, kisha tunamlaani mama yao wa kale kwa kuifuata.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Bwana alirudi. Alirudi mzima, na alitoka kuwinda, kwa hiyo silaha alikuwa nazo. Mbele yake walikuwa wanawake watatu na kiti kimoja. Hadithi haisemi kwamba alipigana. Haisemi hata kwamba alisema, "Ondokeni." Inasema alipanda mlimani na mgeni, na nchi ikatolewa huko juu. Mke hakuwako Itwelele. Mke alitoa kiti; mume ndiye aliyetoa nchi. Mimi nilisimulia habari hii mara mia, na kila mara niliipita sehemu ya mlimani mbio mbio, kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Na hata huko kutoa, sina hakika kwamba kulikuwa ni hasara tupu. Milansi haikufutwa. Ilibaki na heshima ya mkubwa aliyetangulia, na wenyeji na wageni wakaishi katika nchi moja. Huenda yule bwana aliona mbali kuliko sisi tunaomlilia. Kama alifanya busara, basi busara ile ilianzia kwenye kiti cha mkewe. Kama alifanya upumbavu, basi ni upumbavu wake. Hatuwezi kumpa yeye busara na kumwachia mke upumbavu.

Tena angalia kichekesho chake. Waliopokea nchi walikuwa akina nani? Wanawake! Hadithi yenyewe inasema utawala wa Ufipa ulitoka kwa wanawake watatu. Imekuwaje basi hadithi hii hii itumike kuthibitisha kwamba mwanamke hawezi kuachiwa ekari mbili za maharage?

Shuleni wengi wetu tulisoma habari za Fumo Liyongo wa pwani, shujaa aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kijana yule kurubuniwa kwa ahadi za mtawala wa Pate. Usaliti ulioje! Lakini sijapata kusikia kikao cha ukoo, pwani wala bara, kikisema, "Kumbukeni Liyongo, mtoto wa kiume asirithi." Mwana wa Liyongo alikosa peke yake. Mke wa Milansi amekosa kwa niaba ya wanawake wote, wakiwamo ambao hawajazaliwa. Ndipo nikajua kwamba hatukuichagua hadithi kwa ajili ya ukweli wake. Tuliichagua kwa sababu shamba tulikuwa tukilitaka.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo yamekwisha, sheria ipo. Ni kweli ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Naiheshimu. Lakini sheria hukaa kabatini, na hadithi hukaa motoni, na vikao vya ukoo hufanyika karibu zaidi na moto.

Wengine watanishutumu kwamba nimezeeka na sasa nageuza mila za wazee. La hasha. Sikuongeza neno. Nimeondoa shanga tulizoziongeza sisi, na nimesimulia mpaka mlimani, mahali hadithi inapofika yenyewe. Anayeogopa hadithi ikisimuliwa hadi mwisho ndiye anayeigeuza.

Shemeji yangu alifariki mwaka 2009 huko Laela. Watoto wake wote walisoma, kwa ulezi wa mashamba ya kukodi. Nilikwenda mazishini, nikarusha udongo pamoja na wengine. Katika miaka ile kumi na mitano tulionana mara nyingi, tukasalimiana vizuri, akanipa kiti kila nilipofika kwake. Sikupata kumwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo namwambia msomaji. Siku ukiwa kikaoni, mtu akaleta habari ya mwanamke wa Milansi ili mjane anyang'anywe kilicho chake, usicheke nao. Muulize msimulizi: na yule bwana alikuwa wapi? Kisha mwambie aendelee hadi Itwelele, na umsikilize vizuri anapofika huko.