Sanaa ya Kilo 23

Vijana wenzangu, nina ugomvi na nyie, na nauleta hapahapa kwenye jarida letu maana kijiweni mlinizidi kwa kelele, si kwa hoja.

Nilisema hivi: vinyago vitoke vibandani, visimamishwe chini ya miti ya Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, mpita njia avione bila kulipa hata senti. Mshairi mmoja (namsitiri, anajijua) akacheka. "Sanamu bustanini? Mambo ya Wazungu hayo, mshkaji." Mkapiga makofi.

Ya Wazungu! Mwaka 2000 bustani ya Kew, kule London, ilionyesha mawe yaliyochongwa na Wazimbabwe. Mwaka 2001 kazi za namna hiyo zikasimama katika Bustani ya Mimea ya Missouri, Marekani. Mwaka 2007 Kew hiyohiyo ikatandaza majanini sanamu 28 za Henry Moore, Mwingereza ambaye ujanani alikuwa akienda British Museum kukodolea macho michongo ya Afrika na Mexico. Sasa nani kamwiga nani?

Bustani yetu waliianzisha Wajerumani mwaka 1893 wajaribie mazao ya biashara. Mwendo mfupi tu kutoka pale, hapo Samora, kasimama Askari wa shaba. Katengenezwa Uingereza, kawekwa 1927. Tunampenda, tunaahidiana na wachumba zetu miguuni pake, sawa. Lakini mji wenye Wamakonde hawa wote ukubali sanamu yake mashuhuri iwe ya kuletewa na meli?

Mtasema mpingo haukai nje. Kweli, jua kali linaupasua. Ila kiini chake mchwa hakiwezi kirahisi, na kivuli ndicho kitu bustani inacho tele. Ezeka paa la makuti. Au chonga jiwe, mimina saruji, unga vyuma chakavu. Hoja ya mpingo ni kisingizio cha mtu asiyetaka kufikiri.

Mjomba wangu ni mchongaji. Siku moja nilimuuliza mbona kila kitu chake kinaingia kwenye begi. Akanijibu bila kuinua tezo, "Mjomba, mteja wangu anapanda ndege. Kilo ishirini na tatu, basi." Nilikaa kimya. Kumbe anayeamua ukubwa wa sanaa yetu ni mzani wa uwanja wa ndege! Sisi tunaojiita waandishi tunashinda tukilia kwamba hatuna wasomaji, na hatujawahi kumdai mtu yeyote mahali ambapo kinyago kitamtazama muuza karanga, konda, mwanafunzi aliyetoroka kipindi. Na kibao chini yake kiwe na jina la aliyechonga. Jina kamili, siyo "Mmakonde".

Nyuma ya kibanda cha mjomba kuna gogo la mpingo linalonifika kifuani. Mti wa namna ile unakua kwa miaka sabini na zaidi. Alilinunua akiwa na ndoto ya ujamaa mkubwa, watu juu ya watu, babu chini kabisa amebeba ukoo. Hakuna aliyeliagiza. Nani atalibeba?

Jumamosi nilimkuta ameshalikata. Nusu imeshakuwa twiga wadogo, wamepangwa mkekani. Nusu bado ipo.