Picha tatu zilizonifunga mdomo

Ndugu wasomaji, mimi si mjuzi wa sinema. Ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Kisumu na riziki miaka mingi iliyopita, na picha huzitazama kama wengi wenu mnavyozitazama: mwisho wa juma, baada ya Isha, nimejinyoosha kwenye mkeka na kahawa iko kando. Juma lililopita alinijia mpwa wangu kutoka Mombasa na flashi yenye picha tatu. Akaniambia, "Mjomba, hizi zinatuhusu sisi. Si za Kihindi wala za ngumi." Nilizitazama zote, na naona si vibaya niwaeleze niliyoyaona, maana jambo lenyewe halikuishia kwenye picha.

Kwanza niseme kwamba mji huu si mgeni wa mambo haya. Mwezi wa Februari 2018 picha ya Marekani iitwayo Black Panther ilizinduliwa hapa Kisumu, kwa kuwa mmoja wa waigizaji wake wakubwa ni Lupita Nyong'o, ambaye asili yake ni huku, na baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye aliyekuwa gavana wa kaunti wakati huo. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Wakanda ni nchi isiyokuwapo duniani. Je, nchi zilizopo, kama ziwa hili na pwani yetu ile, huonyeshwa vipi? Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu nilipokaa kitako.

Jumamosi usiku tulianza na Subira, picha ya mwaka 2018 iliyotengenezwa na Bibi Ravneet Chadha. Hii ndiyo iliyochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kuwania tuzo za Oscar za mwaka 2020. Inasimulia habari za msichana wa Lamu ambaye tamaa yake kubwa ni kuogelea baharini. Mila za kwao hazimruhusu, na badala ya bahari anapata mume aliyechaguliwa na wengine na maisha ya Nairobi. Stelingi ni Brenda Wairimu, na kusema kweli ameicheza sehemu yake vizuri.

Lakini mimi nilichemka. Nikamwambia mpwa wangu, "Haya, tumeanza! Kila anayekuja Pwani na kamera haoni ila buibui na ndoa ya kulazimishwa. Hawaoni madrasa zetu, hawaoni mabinti zetu walio madaktari na mahakimu?" Naye akanijibu kwa adabu, "Mjomba, picha ni ya msichana mmoja. Haikusema ni wote." Sikukubali.

Wakati sisi tunabishana, binti yangu mwenye miaka kumi na miwili alikuwa kimya. Halafu akauliza, "Baba, na mimi nitafundishwa kuogelea?" Nikamwambia kwamba ziwa hili lina kichocho, na kule Dunga kuna viboko. Akasema, "Na tukienda Mombasa, ambako hakuna viboko?" Nikamwambia akalale, usiku umekuwa mwingi.

Jumapili asubuhi tulitazama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji wa Tanzania, iliyotoka mwaka 2021. Wengi wenu mnaijua riwaya ya Adam Shafi iliyozaa picha hii. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yuko madarakani. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyempenda, anakimbia ndoa na kukutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Nawatahadharisha wazee: ni picha ya mapenzi, si ya kutazama na mkweo. Ila Kiswahili chake ni kitamu, na vichochoro vya Mji Mkongwe vilinitia hamu ya nyumbani.

Hapa tena nilitaka kulalamika: bibi harusi mwingine asiye na furaha! Lakini nikakumbuka kwamba kisa hiki hakikubuniwa na mgeni. Aliyekiandika ni mtu wa Unguja mwenyewe, tena kwa lugha yetu. Kumbe hata sisi kwa sisi tumeyasema haya, tena kabla ya kamera kuja. Malalamiko yangu yakapoteza nusu ya nguvu zake.

Jioni alikuja jirani yetu, mama wa Kijaluo anayeuza samaki, akakaa nasi kutazama picha ya tatu. Hii ni ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper wa Austria, na jina lake, Darwin's Nightmare, maana yake ni jinamizi la Darwin. Haikupigwa Kisumu bali ng'ambo ya pili ya ziwa, Mwanza. Inamhusu sangara, ambaye huku twamwita mbuta, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani enzi za ukoloni, akala wadogo wa kila aina hata wengine wakatoweka kabisa. Minofu inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na vichwa na mifupa. Kuna watoto wanaolala barabarani, kuna ukimwi, na kuna tuhuma kwamba ndege zile huja na silaha. Picha hii ilifika hadi kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi yake.

Nikamgeukia jirani nikitarajia naye atachemka kama nilivyochemka mimi kwa Subira. Kila mtu hapa Kisumu anakijua kile kinachoitwa mgongo wazi, yaani uti wa mbuta na kichwa chake baada ya kiwanda kuchukua minofu. Kina mama wa Obunga huvikaanga na kuviuza, na ni kitoweo cha watu wengi wasioweza kununua samaki mzima. Nikamwuliza, "Jirani, wamesema kweli hawa?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kweli. Minofu huenda, sisi hubaki na mifupa. Lakini mimi nimesomesha watoto wanne kwa mgongo wazi huo huo. Hayo mbona hayamo?"

Waama, jibu lile lilinikaa. Mama yule hakuitukana picha wala hakuitetea. Alikubali lililo kweli, kisha akadai lililoachwa. Mimi usiku wa Jumamosi nilirukia kudai lililoachwa, bila ya kukubali lililo kweli.

Basi alipoondoka nilimpigia simu dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, aliyeko Mombasa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukishuka pwani ya Mji wa Kale. Wavulana tulijirusha majini mpaka jua lichwe, naye alikaa juu ya ngazi akitushikia nguo. Nikamwuliza, "Dada, ni nani aliyekukataza kuingia majini?"

Akanyamaza, kisha akacheka. "Hakuna aliyenikataza," akasema. "Hakuna aliyeniuliza, pia."

Ndugu zangu, sikuwa na neno. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar aliwausia watu wawafundishe watoto wao kuogelea, na sijasikia kwamba alisema wa kiume peke yao. Sitara ni wajibu, nami siibishi hata kidogo. Lakini sitara inatafutiwa njia. Kuna saa za kina mama peke yao, kuna mavazi ya heshima, kuna ufuo uliojitenga. Sisi hatukutafuta njia. Tuliwapa dada zetu nguo watushikie, tukaiita mila.

Nionavyo mimi, tunapoziona picha zinazotuhusu, tusiwe wepesi wa kuuliza, "Zimetuaibisha?" Tuulize maswali mawili ya yule mama wa samaki: lipi ndani yake ni kweli, na lipi limeachwa? La kwanza tulitengeneze majumbani mwetu. La pili tusingoje mtu wa Austria atufanyie. Leo kijana mwenye simu nzuri ana kamera mfukoni mwake. Basi na tuone picha ya mama wa Obunga aliyesomesha wanne, na ya binti wa Lamu aliyesomea udaktari, zipigwe na watoto wa Obunga na wa Lamu wenyewe. Tukiendelea kulalamika tu, wengine wataendelea kutusimulia, nusu yetu wakiiona na nusu wakiipita.

Ama binti yangu, nimempa jibu. Desemba, Inshallah, tutashuka Mombasa. Shangazi yake amekwisha kupata mwalimu wa kike na mahali pa staha, na amesema hatampeleka tu kisha akae kando kushika nguo. Ataingia majini naye, na miaka yake hamsini na kitu.

Wassalaam.