Sigara: Tuweke mpaka wa rika, si wa umri

SHERIA ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inasema waziwazi kwamba mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 hafai kuuziwa sigara. Inasema pia kwamba pakiti haifai kuwa na sigara zisizofika 10. Maana yake ni kwamba kufungua pakiti na kuuza sigara moja moja ni kosa.

Hebu msomaji, popote ulipo, iwe ni Gikomba, Kongowea, Kibuye au hapa sokoni Cheptais, pita karibu na kibanda cha rejareja. Utakuta pakiti imefunguliwa, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi, na kando yake pana mkebe wa peremende za watoto. Anayekuja kununua haulizwi kitambulisho. Anaulizwa tu anataka ngapi.

Kila jambo hili linapotajwa, lawama humwendea mwenye kibanda, chifu na polisi. Ni kweli kwamba wana makosa. Lakini kwa maoni yangu kuna kasoro nyingine iliyo ndani ya sheria yenyewe, nayo ni hiyo namba 18.

Namba hiyo inamwambia kijana mambo mawili kwa pamoja. Inamwambia kwamba sigara ni sumu, asiiguse. Halafu inamwambia kwamba akishakuwa mtu mzima, ruksa. Na sote tuliowahi kuwa vijana twajua ni neno lipi kati ya hayo mawili linaloingia masikioni.

NANI MTU MZIMA?

Cheptais ni mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Wenyeji wengi ni Wasabaoti, na majirani zao wa huko chini ni Wabukusu. Jamii zote mbili huheshimu sana jando. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, kama vile 2022 na 2024. Wengi wa wavulana wanaopashwa tohara hawajafika miaka 18, na baadhi yao wangali katika shule ya msingi.

Mvulana akishatoka jandoni ni mwanamume. Halali tena katika nyumba ya mama yake, wala hatumwi ovyo kama mtoto. Sasa mwambie huyo kwamba sigara ni ya watu wazima. Atakujibu kwamba yeye ni mtu mzima tayari, na ushahidi anao.

Ninapomuuliza mgonjwa wa kifua alianza kuvuta lini, ni nadra anitajie mwaka. Hunitajia tukio: nilipotoka jandoni, nilipomaliza shule, nilipopata kibarua cha kwanza.

Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba haya ni mambo ya mlimani tu. Kila mtaa una jando lake. Kuna mshahara wa kwanza wa mjengo, kuna pikipiki ya kwanza, kuna usiku wa kwanza wa disko. Kokote kule sigara huchukuliwa kama cheti cha kuonyesha kwamba mtu amekua, na sheria yetu, bila kukusudia, imekipigia muhuri cheti hicho. Si ajabu kwamba makampuni ya tumbaku hayaoni taabu kutangaza kwamba bidhaa yao ni ya watu wazima pekee.

MAZOEA HUANZA MAPEMA

Uchunguzi uliofanywa mwaka 2013 miongoni mwa wanafunzi wa Kenya wa umri wa miaka 13 hadi 15 ulionyesha kwamba asilimia 9.9 walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Hii ni kusema mtoto mmoja katika kila watoto 10. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine ulihusu watu wote wa kuanzia miaka 15, na ukapata asilimia 11.6, yaani karibu watu milioni 2.5. Linganisha namba hizo mbili. Watoto walikuwa wamekaribia kuwafikia wakubwa wao.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi anapokaribia miaka 25. Nikotini ikiingia kabla ya hapo, ubongo huizoea upesi na kuidai kila siku. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilieleza mwaka 2015 kwamba wavutaji wa kila siku wapatao 9 kati ya 10 nchini humo walionja sigara yao ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 19. Basi mtu akivuka umri huo bila kuanza, yaelekea hataanza kamwe.

Madhara nayo hayana mjadala. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kwamba waliovuta sigara maisha yao yote walikufa miaka 10 mapema, kwa wastani, kuliko wasiovuta. Kumbuka kwamba hao walikuwa madaktari, watu wenye chakula, nyumba na matibabu. Kwetu sisi kuna kifua kikuu pia, na tumbaku humweka mvutaji katika hatari kubwa zaidi ya kuugua maradhi hayo.

RIKA LISILOUZIWA

Baadhi ya nchi sasa zimeanza kuacha kuhesabu umri na kutumia tarehe ya kuzaliwa. Sheria inataja tarehe fulani, na yeyote aliyezaliwa siku hiyo au baada yake hauziwi tumbaku, awe na miaka 18, 30 au 60. Anayevuta leo kihalali hanyang'anywi chochote. Lakini mlango haufunguliwi kwa wanaofuata.

Bunge la New Zealand lilipitisha sheria ya namna hiyo Desemba 2022, kwa wale waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2009. Serikali ikabadilika, na Februari 2024 sheria ikafutwa kabla haijamgusa kijana hata mmoja. Nchini Uingereza, Rishi Sunak akiwa Waziri Mkuu alitangaza mpango kama huo mwaka 2023. Serikali ya chama pinzani iliyofuata haikuutupa mpango huo, na Machi 2025 wabunge waliupigia kura ya ndiyo mswada wake. Visiwa vya Maldives vilitangulia wote katika utekelezaji. Tangu Novemba 1, 2025, aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2007 hauziwi tumbaku huko, hata akiwa mtalii.

Si nchi tu. Mji mdogo wa Brookline katika jimbo la Massachusetts, Marekani, uliamua mwaka 2020 kwamba waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2000 wasiuziwe tumbaku. Wenye maduka walikwenda kortini, na Machi 2024 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaupa mji ushindi.

Kuna watakaosema kwamba huu ni ugeni wa Kizungu. Sisi wa huku hatuoni ugeni wowote. Wabukusu wamepanga watu kwa marika tangu zamani: Kolongolo, Kikwameti, Nyange, Maina na mengineyo. Wasabaoti nao wana marika yenye majina yanayokaribiana na hayo. Kila rika lina sifa zake na historia yake. Tena mtu haingii rika jingine kwa sababu ameongeza miaka au amepata mali. Alimotahiriwa ndimo atakamozikwa.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Umri huongezeka, kwa hiyo kijana husubiri, au hudanganya kwamba umefika. Tarehe ya kuzaliwa haiongezeki. Ukimwambia mvulana kwamba sigara ni ya watu wazima, umempa sababu ya kuiiga. Ukimwambia kwamba sigara ni ya rika la babu zake na kwamba rika lake halina habari nayo, umeitoa sigara katika mambo ya uanaume.

Mwenye duka naye hurahisishiwa kazi. Hana haja ya kupiga hesabu ya miaka na miezi. Ataangalia tarehe iliyo kwenye kitambulisho, basi. Asiye na kitambulisho hauziwi.

JE, 21 HAITOSHI?

Wengine watauliza kwa nini tusipandishe tu umri hadi 21. Uganda ilifanya hivyo katika sheria yake ya mwaka 2015, na Ethiopia ikafuata mwaka 2019. Hapa kwetu, sera ya kitaifa iliyotolewa Julai 2025 ilipendekeza umri huo kwa pombe.

Sipingi. Miaka 21 ni afadhali kuliko 18, kwa sababu mwanafunzi wa sekondari ana rafiki wa miaka 18 wa kumnunulia, lakini ni nadra awe na rafiki wa miaka 21. Mji wa Needham, pia wa Massachusetts, ulipandisha umri hadi 21 mwaka 2005. Kati ya mwaka 2006 na 2010, wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakivuta walipungua kutoka asilimia 13 hadi 7. Hata hivyo, cheti cha utu uzima kingali pale pale. Kimesogezwa mbele tu.

Isitoshe, tazama mpaka wetu. Kijana wa miaka 19 aliye ng'ambo ya Mto Lwakhakha haruhusiwi kununua sigara kwao. Akivuka daraja, anaruhusiwa. Kenya na Uganda zikiwa na sheria mbalimbali, kila nchi hugeuka kuwa duka la watoto wa jirani yake.

Najua hoja ya magendo italetwa, na sisi wa Cheptais hatuwezi kuikana. Soko la Chepkube lilivuma kote Afrika Mashariki mwaka 1976 na 1977 kwa kahawa iliyovushwa kutoka Uganda wakati bei ya dunia ilipopanda. Magendo hufuata tofauti iliyopo kati ya upande mmoja na mwingine. Dawa yake ni kuiondoa tofauti hiyo, na ndiyo maana tarehe moja yafaa ikubaliwe na Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Hata kabla ya hapo, mtoto wa miaka 15 si mfanyabiashara wa magendo. Yeye hununua sigara moja kwa sarafu iliyo mfukoni, kwenye kibanda kilicho njiani kwenda shule.

MKULIMA NA UHURU

Huko chini Malakisi na sehemu nyingine za Bungoma kuna wakulima waliosomesha watoto kwa tumbaku. Hofu yao ni ya haki na isidharauliwe. Lakini katazo la rika ndilo lenye huruma zaidi kwao, kwa kuwa wanunuzi hupungua polepole kwa miaka mingi, si kwa usiku mmoja. Huo ni muda wa kutosha kubadilisha mazao, kama walivyofanya baadhi ya wakulima wa Migori walioingia katika kilimo cha maharagwe. Na tuseme ukweli: zao hili lina maradhi yake. Wanaovuna majani mabichi yenye umande hupenywa na nikotini ngozini, wakashikwa na kizunguzungu na kutapika, na mara nyingi watoto wako shambani pia.

Hoja ya mwisho ni ya uhuru. Watu huuliza, je, ni haki mtu wa miaka 40 akatazwe sigara, na wa miaka 41 aruhusiwe? Nami nawauliza, ni uhuru gani alio nao mtu ambaye alfajiri, kabla hajanawa uso, mkono tayari unapapasa pakiti? Wengi wa wagonjwa wangu wanaovuta wamejaribu kuacha, si mara moja. Uamuzi wao waliukata wakiwa watoto.

TUANZE WAPI?

Tarehe peke yake ikiandikwa kitabuni haitamzuia mtu. Kwa hivyo napendekeza mambo manne yaende pamoja.

Kwanza, biashara ya sigara moja moja ikomeshwe, kwa sababu ndiyo inayolingana na mfuko wa mtoto. Wasemao haiwezekani wakumbuke mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku Agosti 2017, na haikuchukua muda kabla ya wenye vibanda kuificha.

Pili, anayeuza tumbaku awe na leseni yake maalumu, na akimuuzia asiyestahili, ainyang'anywe. Adhabu imwendee muuzaji, kamwe isimwendee mtoto.

Tatu, Bunge liweke tarehe. Mimi napendekeza Januari 1, 2010. Wa kwanza wa rika hilo watatimiza miaka 18 mwaka 2028, kwa hiyo hakuna atakayenyimwa haki aliyo nayo leo.

Nne, katazo lihusu pia sigara za umeme na vile vifuko vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo. Mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku uliowasilishwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma mwaka 2024 uligusia bidhaa hizi mpya. Huo ungekuwa mwanzo mwema wa kuingiza na tarehe.

Watoto waliozaliwa mwaka 2010 wangali shuleni. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mbunge wako akija kijijini au mtaani, muulize swali moja tu: rika hili utaliuzia, au hutaliuzia?